Mwenye Nyumba Ndiye Mwenye Bomba

Kila gesi ya kupikia inapotajwa pamoja na nyumba za kupanga, husikika kauli tatu. Ya kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Ya pili ni kwamba usalama wa gesi ni uangalifu wa anayepika: afunge koki, awazuie watoto, aweke kiberiti mbali. Ya tatu husemwa na watu waliosoma na wenye nia njema: tukianza kuweka masharti ya mabomba na mitungi katika nyumba za kupangisha, kodi itapanda, wenye nyumba wataikimbia gesi, na akina mama watarudi kwenye kuni na mkaa. Kauli hizi zimekuwa hekima ya barazani na ya ofisini, kiasi kwamba anayezipinga huonekana anapinga maendeleo. Mimi nazipinga zote, na napinga zaidi ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayozipa nguvu nyingine mbili. Katika nyumba ya kupanga, gesi hupita kwenye vitu ambavyo mpangaji hakuvinunua, hakuvifunga, na mara nyingi hata havioni. Dhamana ya vitu hivyo ni ya mwenye nyumba, na sheria inapaswa kulitamka hilo kabla mabomba hayajaenea.

Naanzia Fundo, kisiwa kilicho magharibi ya Wete, Pemba, mahali ambapo wengi wangesema mjadala huu haupahusu. Fundo hakuna bomba la gesi wala majumba ya ghorofa. Wengi wanakaa katika nyumba zao wenyewe, na moto wa jikoni kwa kawaida ni wa kuni. Lakini kijana wa Fundo akienda kusoma Wete au Chake Chake, anapanga chumba. Akipata kazi Unguja, Dar es Salaam au Maskati, anapanga chumba. Mwalimu au muuguzi anayeletwa kisiwani kwa kazi naye hutafuta chumba kwa mwenyeji. Na juu ya yote hayo, kuna jambo ambalo mtu wa kisiwa kidogo analielewa haraka kuliko mtu wa mjini: gari la zimamoto halivuki bahari. Mjini moto ukiwaka, mtu hupiga simu na kungoja. Fundo moto wa gesi ukiwaka usiku, maji yamekupwa na mashua zimelala mchangani, msaada uliopo ni ndoo za majirani. Mahali ambapo uokozi haufiki kwa wakati, kinga ndiyo zimamoto pekee. Kwa hiyo wanaosema kwamba masharti ya usalama ni mambo ya mijini wamelipindua jambo. Mjini kuna gari la zimamoto na hospitali. Kisiwani kuna kile tu kilichofanywa kabla ya moto.

Tuieleze gesi yenyewe. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Songo Songo ilianza kuzalisha mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limeshaunganisha nyumba za Mikocheni jijini Dar es Salaam, na nyumba nyingine za Mtwara na Lindi, ambako gesi huingia jikoni kwa bomba kama yanavyoingia maji. Zanzibar tunapikia gesi ya mitungi, yaani propani na butani. Hata hivyo mtungi nao una njia yake. Katika majengo ya ghorofa ya miji ya Afrika Mashariki, mitungi mikubwa huweza kukusanywa chini na mabomba yakapanda ukutani hadi kwenye jiko la kila mpangaji. Na katika nyumba ya vyumba sita vya kupanga, mpira unaotoka kwenye mtungi wa uani, ukapenya tundu la ukuta hadi jikoni, hufanya kazi ileile na hubeba hatari ileile.

Mwendo wetu unajulikana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naliunga mkono lengo hilo bila kusita. Moshi wa kuni unaharibu mapafu ya mama na mtoto, na mahitaji ya kuni na mkaa yanaila misitu yetu pamoja na mikoko inayolinda fukwe. Sina ugomvi na gesi. Ugomvi wangu ni na fikra kwamba tunaweza kuieneza gesi kwenye nyumba za watu wasiomiliki kuta zao, kisha tukawaachia watu haohao mzigo wote wa kujilinda.

Tuanze basi na hiyo kauli ya uangalifu. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mashariki ya London, mpangaji mmoja wa jengo la Ronan Point aliamka kuchemsha maji ya chai. Alikuwa akiishi ghorofa ya 18 katika jengo la ghorofa 22, jipya kabisa. Aliwasha kiberiti, gesi iliyokuwa imevuja usiku ikalipuka, ukuta wa pembeni ukasukumwa nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kutoka juu hadi chini. Watu 4 walikufa. Uchunguzi haukumkuta mpangaji na kosa. Ulikuta nati ya shaba isiyofikia kiwango, iliyounganisha jiko na bomba. Ulikuta pia usanifu wa kuta zisizoweza kuhimili hata mlipuko mdogo. Mama yule angekuwa mwangalifu kuliko watu wote wa London, bado asingeweza kuliona kosa la nati wala la ukuta.

Sasa itazame nyumba yetu ya kupanga. Mpangaji akitaka kupigilia msumari ukutani, anaomba ruhusa. Akitaka kubadilisha kitasa, anaomba ruhusa. Mkataba wake, uwe wa maandishi au wa mdomo, unamwambia kwamba kuta si zake. Iweje bomba linalopita katika kuta hizohizo liwe dhamana yake? Hajui liliwekwa mwaka gani. Hajui kama ni la chuma, la shaba, au ni mpira wa maji uliokatwa ukafungwa kwa waya. Hajui kiungo kilichozikwa chini ya plasta kilipimwa au hakikupimwa. Kumwambia mtu huyo awe mwangalifu ni kumkabidhi lawama bila kumkabidhi uwezo.

Maumbile ya gesi yenyewe yanaikataa kauli hiyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, huingia kwenye mtaro na kushuka ngazi, na huweza kukutana na moto mbali na jiko ilikotoka. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda na kukusanyika darini. Ushauri wa kila siku wa kufungua dirisha ni mzuri, lakini gesi ya mtungi hujaa kwanza chini ya kizingiti cha dirisha, mahali ambapo upepo wa dirishani haufiki vizuri. Inahitaji matundu usawa wa sakafu. Gesi asilia inahitaji matundu ya juu. Matundu hayo hutobolewa na nani? Si mpangaji.

Kuna hesabu moja inayofaa kukumbukwa. Gesi ya mtungi huanza kuweza kulipuka inapofika karibu asilimia 2 ya hewa ya chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 24 hivi. Asilimia 2 yake ni karibu nusu mita ya ujazo, na hiyo ni gesi ya takriban kilo 1. Mtungi mdogo tunaouita wa kilo 6 una gesi ya kutosha kukifikisha chumba kama hicho kwenye hatari hiyo mara 6. Tena, siku ya joto letu la pwani, mgandamizo ndani ya mtungi huzidi mara 100 ule unaohitajiwa na jiko. Kinachosimama kati ya mgandamizo huo na uso wa mpishi ni regyuleta ndogo, mpira na vibano viwili. Vitu hivyo huchakaa. Mpira hupasuka kwa jua na kwa umri, hata kama mpishi hajawahi kusahau koki.

Anayedhani kwamba haya yamepitwa na wakati katika nchi tajiri aangalie Silver Spring, katika jimbo la Maryland, Marekani. Usiku wa tarehe 10 Agosti 2016, jengo la wapangaji liitwalo Flower Branch lililipuka, wakafa watu 7. Wengi wa wakazi wa hapo walikuwa wahamiaji, watu waliokwenda kutafuta maisha kama wanavyokwenda vijana wetu. Wachunguzi waligundua kwamba gesi ilitoka katika chumba cha mita, ambako kifaa cha kupunguza mgandamizo kilikuwa ndani ya jengo na bomba lake la kupumulia nje halikuunganishwa. Hakuna mpangaji aliyekuwa akipika katika chumba hicho. Taarifa ya harufu ya gesi ilikuwa imeshatolewa takriban wiki mbili kabla. Wapangaji walifanya sehemu yao: walinusa, wakasema. Ni bomba ambalo halikufanya sehemu yake, na bomba lina mwenyewe.

Nakuja kwenye kauli ya kwamba ajali haina kinga. Wenye kuisema wengi wao ni wacha Mungu, na mimi si mtu wa kuwabeza. Lakini imani yetu haikutufundisha kuliacha shimo wazi njiani kisha tukasema kwamba aliyetumbukia ahadi yake imefika. Mafakihi wamejenga mlango mzima wa sheria juu ya kuondoa madhara, na wakajadili kwa kina haki ya jirani juu ya moto, maji na ukuta wa mwenzake. Mwenye kumiliki kitu chenye madhara ana jukumu la kukizuia kisidhuru. Kadari haijawahi kuwa hoja ya kumwondolea mtu dhamana.

Sisi wa Pemba tuna ushahidi wa karibu zaidi kuliko London. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikujua msiba huo. Siku zile pia ilisemwa kwamba ni ajali. Lakini idadi ya abiria si upepo, na shehena si wimbi. Kuna mtu aliyeruhusu meli kuondoka, na kuna sharti ambalo lingetekelezwa bandarini watu wangebaki hai. Tuliambiwa na kila mwenye akili, baada ya mazishi, kwamba usalama wa meli hauwezi kuachiwa uzoefu wa nahodha na dua ya abiria. Kwa nini basi usalama wa gesi uachiwe uzoefu wa fundi asiyejulikana na dua ya mpangaji?

Hata ile harufu tunayoitegemea kutuamsha usiku imeletwa na sheria. Gesi asilia haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, skuli moja ya New London, Texas, ililipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Gesi ilikuwa imejaa chini ya jengo bila mtu kuihisi. Baada ya msiba huo Texas ikaamuru gesi itiwe dawa yenye harufu kali, na dunia ikafuata. Leo mama wa Wete akinusa gesi na kukimbilia koki, anaokolewa na sharti lililoandikwa miezi michache baada ya watoto wa watu wengine kuzikwa. Huo ndio ushahidi kwamba ajali ina kinga. Na ushahidi huo una funzo la pili: uongozi wa skuli ile ulikuwa umeacha kununua gesi kwa mkataba wa kawaida, ukajiunganisha na bomba la gesi ya mabaki ya visima ili kupunguza gharama.

Gharama ndiyo hoja ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, hivyo nitaijibu kwa uzito wake. Ni kweli kwamba mwenye nyumba wa Wete mwenye vyumba vinne si tajiri. Wengi ni wastaafu, wajane, wavuvi waliouza karafuu za urithi wakajenga. Kila sharti lina bei, na bei hiyo huweza kuteremkia kwenye kodi. Lakini tuulize ni masharti gani tunayoyazungumza. Mitungi ikae nje ya chumba cha kulala, mahali penye hewa, pasipo mtaro karibu. Bomba lionekane badala ya kuzikwa ukutani. Kila chumba kiwe na koki yake, na nyumba nzima iwe na koki kuu nje, mahali ambapo hata jirani ataifikia. Mfumo upimwe kwa mgandamizo kabla gesi haijafunguliwa, na viungo vipakwe maji ya sabuni vionekane kama vinatoa mapovu. Mpira na regyuleta vibadilishwe kwa wakati. Sehemu kubwa ya haya ni uamuzi wa mahali pa kuweka kitu, na mahali hapana bei dukani. Mwenye nyumba aliyeweza kununua bati, saruji na nondo hawezi kusema kwamba nyumba yake itashindwa na koki.

Isitoshe, gharama haipotei kwa kukataa sharti. Inahama. Kiungo kibovu kisipobadilishwa na mwenye nyumba, kitalipwa na mpangaji kwa ngozi yake, na pia na jirani aliyepoteza godoro, vyeti vya skuli vya watoto na cherehani. Anayesema tusiweke masharti ili kumlinda maskini anamfanya maskini awe ndiye mlipaji wa mwisho, kwa bei kubwa kuliko zote, tena bila kumuuliza.

Na hofu ya kwamba masharti yatawarudisha watu kwenye mkaa naiona imegeuzwa. Muulize mama anayekataa gesi mpaka leo sababu yake. Mara nyingi hatataja bei peke yake, atasema anaogopa. Amesikia nyumba iliyoungua, ameona mtoto aliyefungwa bandeji. Hofu hiyo haiondolewi kwa matangazo ya majukwaani wala kwa mtungi wa zawadi. Inaondolewa na imani kwamba kuna mtu mwenye ujuzi aliyekagua na mtu mwenye dhamana atakayejibu. Nyumba moja ikilipuka, mtaa mzima unarudi kwenye seredani. Mwenye kuitakia mema nishati safi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai ukaguzi.

Nchi zilizotutangulia zilifika hapo kwa maumivu. Uingereza ilitoa kanuni za usalama wa gesi mwaka 1972, na leo mwenye nyumba wa kupangisha huko analazimika kuhakikisha mabomba na vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa, kisha ampe mpangaji nakala ya ukaguzi ndani ya siku 28. Mpangaji mpya hupewa kabla hajahamia. Marekani ilipitisha sheria yake ya usalama wa mabomba ya gesi asilia mwaka 1968. Chini ya mfumo huo, mtu anayenunua gesi kwa mita moja kubwa kisha akaisambaza na kuwauzia wapangaji wake kwa mabomba yake, hahesabiwi kuwa mpangishaji tu. Anahesabiwa mwendeshaji wa mfumo wa gesi, mwenye wajibu wa kutafuta uvujaji, kuzuia kutu na kutunza kumbukumbu. Msingi wa nchi zote mbili ni mmoja: wajibu unafuata umiliki wa bomba.

Wapo watakaonijibu kwa Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, gari lililosheheni gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na moto ukafika kwenye nyumba za wapangaji waliokuwa wamelala. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho mara tatu, ikiwemo kwa sababu ya wingi wa watu wanaoishi jirani. Basi watasema: mnaona, sheria ilikuwepo, na watu wameungua, masharti ni makaratasi ya kula rushwa.

Nimeitafakari hoja hiyo na naikataa. Embakasi inathibitisha kwamba sharti lilikuwa sahihi: liliiona hatari mapema, likasema hapana, likasema tena, likasema mara ya tatu. Kilichokosekana ni hapana hiyo kufika kwa watu waliokuwa wakilala upande wa pili wa ukuta. Ilibaki kwenye faili. Mpangaji wa Mradi angejua kwamba kituo kile kimekataliwa mara tatu, angekuwa na neno la kumwambia mwenye nyumba wake, diwani wake na polisi. Dawa ya sheria isiyotekelezwa ni kuitoa ofisini na kuitia mkononi mwa yule ambaye uhai wake uko hatarini. Ndiyo maana katika yote ninayoyadai, kubwa ni kwamba karatasi ya ukaguzi ibandikwe mlangoni. Mkaguzi mla rushwa anaweza kulificha faili. Hawezi kulificha tangazo ambalo watoto wa mtaa wanalisoma wakitoka madrasa.

Wengine watasema huku kwetu mwenye nyumba na mpangaji ni ndugu, wanakula futari pamoja, sheria itawagombanisha. Undugu huo naujua na nauthamini. Lakini huo ndio unaomziba mdomo mpangaji. Anayekaa kwa ami yake kwa kodi ya huruma hawezi kumwambia kwamba mpira wa gesi umepasuka. Ataonekana hana shukrani. Sheria inapolazimisha ukaguzi kwa kila nyumba, mpangaji haombi na ami hafedheheki. Kanuni inayomgusa kila mtu haimtuhumu yeyote, na undugu hubaki salama pamoja na nyumba.

Wa mwisho watasema tungoje, kwa kuwa Zanzibar hatuna bomba la gesi asilia. Nawajibu kwamba huu ndio wakati wenyewe. Serikali ya Mapinduzi ilisaini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018, na sote tunaomba utafutaji uzae matunda. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, ipo kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kipo. Majumba ya ghorofa yanaongezeka Unguja na Pemba. Ukuta ambao haujajengwa ni rahisi kuutengenezea njia ya bomba na tundu la hewa. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi na kujaa wapangaji hauguswi bila ugomvi. Na gesi ya mitungi haingoji kisima. Inashuka bandarini Wete na inavuka kwa mashua kwenda visiwani.

Kwa hiyo nadai mambo haya, na nayadai kwa majina ya wanaohusika. Baraza la Wawakilishi litamke katika sheria kwamba mfumo wa gesi uliofungwa katika nyumba ya kupangisha, kuanzia mtungi au mita hadi koki ya jiko, ni dhamana ya mwenye nyumba, na mkataba wowote unaomsukumia mpangaji dhamana hiyo usiwe na nguvu. ZURA iwe na daftari la wazi la mafundi wa gesi waliofunzwa na kupimwa, kama ambavyo Bara mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutoa leseni kwa mafundi umeme. Mfumo wowote unaohudumia zaidi ya familia moja usifunguliwe gesi kabla ya kupimwa. Ukaguzi ufanywe kila mwaka. Nakala apewe mpangaji, nyingine abaki nayo sheha, nyingine ibandikwe mlangoni. Mpangaji atakayetoa taarifa ya harufu ya gesi asifukuzwe wala asipandishiwe kodi kwa sababu hiyo. Nyumba ndogo za vyumba vichache zipewe muda na ada ndogo, na serikali inayogawa mitungi itenge sehemu ya fedha hizohizo kwa regyuleta, mipira na mafunzo. Visiwa vidogo kama Fundo, Kokota na vinginevyo viwekewe vifaa vya kuzimia moto, na vijana wa hapo wafunzwe kuvitumia, kwa kuwa wao ndio watakaofika kwanza na huenda ndio watakaofika peke yao.

Wenye nyumba, hamjatuhumiwa. Mmewastiri watu, na stara kamili ni ile ambayo mtu hulala ndani yake bila hofu. Mkipokea kodi mnapokea pia amana ya roho zilizolala chini ya paa lenu.

Nawe mpangaji, usingoje sheria ipite ndipo uulize. Kabla ya kulipa kodi ya mwezi ujao, mwambie mwenye nyumba akuonyeshe koki kuu iko wapi, nani aliyelifunga bomba, na lilipimwa lini. Ni haki yako kujua. Na nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuyajibu maswali hayo matatu haijawa tayari kupangishwa ikiwa na gesi ndani.